Kulisoma anga la usiku ukiwa uani kwako: mwongozo kamili wa mwanzo kwa watu wa Ikweta

Teleskopu yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo kwa sababu ya namba moja iliyoandikwa kwa wino mwekundu ubavuni mwa boksi: x525. Muuzaji aliniapia kwamba nitaona hadi bendera ya Wamarekani kule mwezini. Nikaifunga kwenye stendi yake, miguu myembamba kama ya korongo, nikailenga nyota ya kwanza iliyojitokeza. Nikaona ukungu unaotetemeka. Nikipumua, unatetemeka. Bodaboda ikipita, unatetemeka. Nikigusa skrubu nirekebishe, nyota inapotea na siipati tena. Haikufika wiki mbili teleskopu ikarudi kwenye boksi, boksi likapanda juu ya kabati.

Nilikuja kuanza upya baada ya miaka miwili, safari hii bila kifaa chochote, nikiwa nimelala chali juu ya mkeka. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa mara ya pili: macho kwanza, halafu darubini ya kawaida ya macho mawili, na teleskopu mwisho kabisa, kama bado utakuwa unaitaka.

Kwanza: jua umesimama wapi

Miongozo mingi iliyoko mtandaoni imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Inaanza kwa kukuambia utafute Nyota ya Kaskazini. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi utaitafuta mpaka kukuche, maana kwetu iko chini ya upeo. Inakuambia pia kwamba Jabari, lile kundi ambalo kwenye programu za simu linaitwa Orion, amesimama wima upande wa kusini. Kwetu Jabari anachomoza amelala ubavu, kisha anapita utosini.

Usidhani tumepunjwa. Mtu wa London haoni Salibu, ule msalaba wa kusini, maisha yake yote. Mtu wa Cape Town haoni nyota zote saba za Dubu Mkubwa zikiwa zimekamilika. Sisi tulio karibu na Ikweta tunaona vyote viwili, tena usiku mmoja: jioni ya mwezi Mei, geuka kusini uone Salibu, geuka kaskazini uone Dubu Mkubwa amepinduka, miguu juu. Katika mwaka mzima, karibu kila nyota inayoonekana duniani inapita juu ya paa lako.

Mabaharia wa pwani walilijua hili kabla ya ramani zilizochapishwa. Neno *jaa* ni ile Nyota ya Kaskazini, na ndiyo maana likawa pia jina la upande wenyewe. *Suheli* ni nyota ya pili kwa mng'ao katika anga lote, na kwa mabaharia ikawa na maana ya kusini. Anayesoma haya akiwa Maskati ataiona jaa bila shida, kama ngumi mbili na nusu juu ya upeo wa kaskazini. Ngumi nitazieleza hivi punde.

Pili: chagua usiku

Watu huuliza waende wapi. Swali la kwanza liwe waende lini, na kalenda nzuri kuliko zote anayo mvuvi wa dagaa. Siku za mbalamwezi haendi majini, kwa sababu taa zake hazivuti dagaa mwezi unapong'aa. Nyota hafifu nazo ni hivyo hivyo: mwezi mpevu unazifuta. Kwa hiyo, kwa tarehe za mwezi mwandamo, jioni zako za kazi ni kuanzia mwezi ishirini hivi mpaka mwezi nne. Mwezi ishirini unachomoza baada ya saa 4 usiku, na kila siku unachelewa kwa takribani dakika 50 zaidi. Mwezi nne unazama mapema na kukuachia anga lote.

Kisha majira. Dodoma, Singida na Tabora, miezi ya Juni hadi Septemba anga huwa kavu na safi kiasi kwamba Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota za galaksi yetu, inaonekana kama moshi uliotanda kutoka upeo hadi upeo. Nairobi ni kinyume: Julai ni mawingu na baridi, na nafasi yako ni Januari na Februari. Pwani, unyevu wa hewa unafifisha nyota zilizo chini karibu na bahari hata pasipo mawingu. Wakati wa masika pumzika, ila usifungie mkeka stoo. Mvua kubwa ikishakata, hewa huwa imeoshwa vumbi na moshi wote, na saa mbili za aina hiyo zinaweza kushinda wiki nzima ya kiangazi.

Mahali ni suala la mwisho. Ukiwa katikati ya Dar utaona mwezi, sayari na nyota kubwa, na hivyo vinatosha kwa miezi mitatu ya mwanzo. Kwa Njia Nyeupe, toka nje ya mji kwa kilomita 50 au zaidi na uchague pahali ambapo taa za mji ziko mgongoni mwako. Ukikaa pwani ya Kimbiji ukitazama kusini, mwanga wa Dar unabaki nyuma. Watu wa Nairobi hushuka Magadi.

Tatu: macho, mkeka na majirani

Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla hayajaanza kuona vizuri. Ukiwasha simu sekunde tano tu, unaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo chukua tochi, ifunge kwa karatasi nyekundu ya nailoni au uipake rangi ya kucha nyekundu kwenye kioo, tabaka mbili tatu, mpaka mwanga uwe hafifu na mwekundu. Mwanga wa aina hiyo hauharibu sana uoni wa gizani. Simu nayo iweke kwenye hali ya usiku ya programu ya nyota. Stellarium ni nzuri, na inafanya kazi hata pasipo bando.

Lala chali. Ukitazama juu umesimama, shingo itakushtaki ndani ya robo saa. Mkeka, mto mdogo, shuka la kujifunika umande, dawa ya mbu. Bara mwezi Julai ongeza koti.

Halafu waambie watu. Nasema hivi kwa uzoefu. Mtu aliyelala shambani saa 5 usiku, ana taa nyekundu na ananong'ona namba peke yake, kijijini ana jina lake, na jina hilo halimletei heri. Mara ya kwanza nilipokwenda kutazama nyota Manyoni nilizungukwa na vijana wanne wenye fimbo, na kilichoniokoa ni darubini: nilimpa mmoja wao auone mwezi unaochomoza, wakapokezana mpaka saa 7. Tangu siku hiyo kila niendako napita kwanza kwa mwenyekiti.

Nne: kipimo unacho mkononi

Nyosha mkono mbele yako, ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo angani ni nyuzi 10 hivi. Kidole kidogo ni nyuzi 1. Shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo ukivitanua, ni nyuzi 20 au zaidi kidogo. Mtoto ana mkono mfupi na ngumi ndogo, kwa hiyo kipimo kinakuja karibu kilekile.

Jipime: kutoka upeo hadi utosini ziwe ngumi tisa. Zikipungua sana hapo, mkono hujaunyoosha.

Sasa ijue na saa ya anga. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani ngumi moja na nusu, kutoka mashariki kwenda magharibi. Na kila siku nyota ileile inachomoza dakika 4 mapema kuliko jana. Dakika 4 mara siku 30 ni saa 2. Nyota unayoiona mahali fulani leo saa 5 usiku, mwezi ujao itakuwa hapohapo saa 3. Ukilishika hilo, huhitaji ratiba ya mtu.

Tano: milango mitatu ya anga

Usijaribu kukariri makundi 88. Shika matatu, kila moja na msimu wake, na mengine yatakufuata.

*Jabari, Desemba hadi Aprili.* Katikati ya Desemba anachomoza mashariki jua likishazama tu. Tafuta nyota tatu zilizopangana karibu karibu kwa mstari: huo ni mkanda wake. Kwetu unapanda kama ngazi iliyoinama kidogo. Kwa kuwa mkanda uko karibu kabisa na ikweta ya anga, mstari wa angani ulio juu ya Ikweta ya dunia, unachomoza mashariki halisi na kuzama magharibi halisi, uwe Kigoma au Pemba. Mwishoni mwa Januari, saa 3 usiku, uko juu kabisa. Upande wa kaskazini wa mkanda kuna nyota nyekundu, Betelgeuse, na upande wa kusini nyota nyeupe yenye ubuluu, Rigel. Zitazame kwa zamu mpaka tofauti ya rangi ikuingie. Wengi hawaamini kwamba nyota zina rangi mpaka walinganishe hizi mbili.

Kusini kidogo ya mkanda kuna upanga, nyota chache hafifu, na ya katikati inaonekana kama imepakwa mafuta. Hiyo si nyota moja. Ni wingu la gesi ambamo nyota zinazaliwa, umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi, na mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka.

Kutoka hapo mkanda unakuwa rula. Ufuate kwenda mashariki kwa shubiri moja, utafika Shira, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ambayo programu inaiita Sirius. Ufuate kwenda magharibi kwa shubiri moja, utafika kwenye nyota ya rangi ya machungwa, Aldebaran. Songa ngumi moja na nusu zaidi upate kijifundo cha nyota ndogo zilizobanana: Kilimia. Rudi kwa Shira, ushuke kusini ngumi tatu na nusu: Suheli.

Kwa Kilimia tukae kidogo. Jina linatokana na kulima, na wahenga walisema: *Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua.* Si fumbo, ni taarifa ya kuangalia. Mapema mwezi Mei, masika yakiwa bado hayajaisha, Kilimia kinazama magharibi nyuma tu ya jua, kisha hakionekani kwa takribani mwezi mzima. Juni kinazuka alfajiri mashariki, na mvua imeshakatika. Katikati ya Novemba kinachomoza jioni jua linapozama, na hapo mkulima wa vuli yuko shambani. Hesabu nyota zake kwa macho matupu. Wengi huona sita. Kwa darubini zinakuwa kadhaa wa kadhaa.

*Salibu, Aprili hadi Juni.* Katikati ya Mei, saa 3 usiku, tazama kusini, ngumi tatu hadi tatu na nusu juu ya upeo. Nyota nne zinafanya msalaba mdogo, mdogo kuliko unavyotarajia: urefu wake ni kama vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zinazouelekea. Ile ya mbali na msalaba ni Alfa ya Kantarusi, mfumo wa nyota ulio jirani yetu kuliko yote baada ya jua, miaka ya nuru 4.3.

Hizo mbili ndizo hati ya uhalali. Kulia kwa Salibu kuna msalaba mwingine, mkubwa na hafifu zaidi, ambao umewapoteza watu wengi. Hauna nyota mbili pembeni. Ukiuona huo, endelea kushoto.

Vitabu vinasema urefushe mti wa msalaba mara nne na nusu upate ncha ya kusini ya anga. Kwetu ncha hiyo karibu inagusa ardhi: Dar iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, Nairobi nyuzi 1. Kwa hiyo njia yetu ni fupi: subiri Salibu isimame wima, kisha shusha mstari moja kwa moja hadi ardhini. Hapo ndipo kusini.

Ukiwa na darubini na giza la kutosha, toka kwenye zile nyota mbili, panda juu ngumi moja na nusu, kulia kidogo. Utakuta kitu kama mpira wa pamba. Ni Omega ya Kantarusi, fungu la nyota milioni 10 hivi lililo umbali wa miaka ya nuru 17,000. Mtu wa Ulaya ya kaskazini analijua kwa picha tu.

*Nge, Juni hadi Septemba.* Huyu hahitaji maelezo. Katikati ya Julai saa 3 usiku yuko juu kusini, mkia umejikunja kweli kama mkia wa nge, na moyoni ana nyota nyekundu, Antares. Karibu na ncha ya mkia kuna mawingu mawili madogo. Lile kubwa, ukiandika M7 kwenye programu, linafumuka kuwa nyota nyingi mara unapoweka darubini machoni. Eneo kati ya mkia huo na kundi la Mshale ndilo nene kuliko yote katika Njia Nyeupe, kwa sababu hapo unatazama katikati ya galaksi yetu, miaka ya nuru 26,000 kutoka hapa ulipolala. Ile michirizi myeusi inayoigawa si matundu. Ni vumbi linaloziba nyota za nyuma yake.

Sita: sayari

Nyota inapepesa, sayari imetulia. Kanuni hiyo ina kasoro chini karibu na upeo, ambako kila kitu kinapepesa, lakini inatosha kuanzia. Ya pili ni njia: sayari hazitoki nje ya barabara ambayo jua na mwezi hupita. Kitu king'aavu kilicho karibu na Salibu hakiwezi kuwa sayari.

Zuhura haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 47, ngumi nne na nusu. Ndiyo maana ni ya jioni au ya alfajiri, kamwe si ya usiku wa manane. Mirihi ni nyekundu na mng'ao wake unapanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka. Zohali ina rangi ya siagi. Mshtarii ni nyeupe na inang'aa kuliko nyota zote, na hii ndiyo zawadi ya mwenye darubini. Egemea ukuta, shika pumzi, utaona vinukta hadi vinne vimejipanga pembeni yake kwa mstari. Ni miezi yake mikubwa, ileile Galileo aliyoiona Januari 1610. Ya ndani, Io, inamaliza mzunguko kwa saa 42 tu, hivyo chora leo, chora kesho, na michoro haitafanana.

Pete za Zohali hazionekani kwa darubini ya mkono. Unahitaji teleskopu ya kukuza mara 30 hivi. Mwaka 2025 zilitugeuzia ukingo, zikawa uzi. Tangu hapo zinazidi kufunguka.

Saba: sasa unaweza kununua

Darubini ya macho mawili ina namba mbili. Ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Chukua 7x50 au 10x50. Zaidi ya mara 10, mikono yako itatetemesha picha. Achana na zile za kuvuta picha karibu na mbali, na zile zenye lenzi nyekundu inayometa kama kito.

Dukani fanya hivi. Toka nayo nje, tazama nguzo au antena ya mbali. Ukiona antena mbili, au macho yakianza kuuma ndani ya dakika, rudisha. Tingisha karibu na sikio, kisisikike kitu. Ielekeze kwenye mwanga, na humo ndani usione utando kama wa buibui. Huo ni ukungu wa unyevu, na darubini za mitumba za pwani unazipata sana. Yako itunze kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu.

Kuituliza hakuhitaji pesa. Chukua fagio la mpini mrefu, lisimamishe kichwa chini, na uilaze darubini juu ya nyuzi za fagio. Majirani watakuwa na la kusema, lakini Mshtarii itatulia.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni mwezi wa siku 7 hadi 9. Mwezi mpevu hauna vivuli, unaonekana kama sahani. Uzuri uko kwenye mpaka wa mchana na usiku wake, ambapo kingo za kreta, yale mashimo ya mwezini, zinatupa vivuli virefu. Tazama mpaka huo siku tatu mfululizo uone unavyosogea. Siku ya mwezi mpevu tafuta Tycho upande wa kusini, kreta yenye miale mirefu iliyotapakaa. Bahari ya Utulivu, alikotua Armstrong tarehe 20 Julai 1969, ni doa jeusi lisilohitaji hata darubini. Bendera hakuna teleskopu yoyote duniani inayoweza kuionyesha.

Na ile x525? Kukuza kunapatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa teleskopu, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale inapokusanya nuru, kwa ule wa lenzi ya jicho. Yangu ilikuwa na milimita 700, lenzi ya jicho milimita 4: 700 gawanya kwa 4 ni 175. Ongeza lenzi ya kuzidisha mara 3, unapata 525. Hesabu haina kosa, ila fizikia inakataa. Kikomo cha matumizi ni kama mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita, na yangu ilikuwa na 70, kwa hiyo mara 140 tena hewa ikiwa tulivu. Ukifikia kununua, puuza mara za kukuza. Uliza upana, na utikise stendi. Aina ya Dobson, yenye kioo cha milimita 130 hadi 200 inayokaa kwenye sanduku la mbao badala ya miguu mitatu, ndiyo ningeinunua siku ile kama ningejua.

Nane: daftari

Andika ukiwa hapohapo. Kesho utakuwa umesahau nusu, na nusu nyingine utakuwa umeiremba. Langu la Manyoni linasema hivi:

*12 Julai, saa 3:20 usiku. Hakuna mwezi. Upepo wa kusi, baridi. Nge juu kusini. M7: kwa macho, wingu, kwa 10x50, nyota kama 30, moja ya njano. Mbwa wanabweka upande wa barabara. Saa 3:48 kimondo kirefu, mashariki kwenda kaskazini, kimeacha mkia kwa sekunde mbili.*

Mbwa nao waandike. Miaka mitano baadaye ndio watakaokurudishia usiku ule.

Tisa: vinavyopita

Vimondo havihitaji kifaa. Usiku wa 13 kuamkia 14 Desemba ndio mwingi kuliko yote kwetu. Lala chali kuanzia saa 4 na utazame popote palipo giza. Mapema Mei, kabla ya alfajiri, yapo mabaki ya nyotamkia ya Halley, kama masika yakiruhusu. Ukitaka kugusa kimoja, nenda Mbozi, mkoa wa Songwe, ambako bonge la chuma la tani 16 hivi limelala mlimani.

Nukta inayokwenda taratibu bila kuwaka na kuzima, muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, ni satelaiti. Ikiwa kali kama Mshtarii, huenda ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu, kinachoizunguka dunia kila dakika 90.

Kumi: kupatwa

Jua usilitazame kwa darubini hata kidogo, hata likiwa limebaki ukucha. Miwani ya jua haitoshi, filamu ya eksirei haitoshi, na lile karai la maji tulilofundishwa utotoni linaunguza jicho vilevile. Tumia miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2, au kioo cha kuchomelea namba 14. Pasipo hivyo, simama chini ya mwarobaini utazame ardhini: kila tundu dogo kati ya majani linachora jua lililomegwa. Waliokuwa Rujewa tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipokuwa pete, waliona mchanga umejaa vipete. Pete nyingine itapita kusini mwa Tanzania tarehe 21 Mei 2031. Kabla yake, tarehe 2 Agosti 2027, jua litafunikwa lote kwa wakazi wa Luxor, Jeddah na Maka. Luxor litakaa gizani kwa zaidi ya dakika 6.

Kupatwa kwa mwezi hakuna hatari, na upo mmoja uliopangwa kama kwa ajili yetu: jioni ya 31 Desemba 2028. Tandika mkeka mahali penye upeo wa mashariki ulio wazi kabla ya saa 12 na nusu. Mwezi utachomoza ukiwa tayari umeliwa upande. Kuanzia kama saa 1 na robo usiku utakuwa mwekundu wote, na utabaki hivyo kwa zaidi ya saa moja. Ukiwa mwekundu hivyo, geuka utafute nyota hafifu ulizozikosa jioni nyingine zote za mbalamwezi. Zitakuwepo mpaka kama saa 2 na nusu, na fataki za mwaka mpya bado hazijaanza.